Mwezi Niliouona Peke Yangu

Nakumbuka jioni moja ya mwisho wa mfungo, nikiwa kijana ambaye ndevu hazijaota sawasawa, nilipoteremka mlima wa Bukoba mbio huku napiga kelele kwamba mwezi umeandama. Nilikuwa nimeuona kwa jicho langu hili la kulia. Ulikuwa mwembamba, umelala chali na pembe zake juu, kama unavyolala mwezi mchanga wa huku kwetu. Hakuna mwingine aliyeuona. Hilo peke yake lingetosha kunisimamisha, lakini mimi, mwanangu, sikuumbiwa kusimama.

Umeniletea karatasi ya duka yenye picha za darubini, unataka nikuchagulie ya kwanza. Naona umekwisha kuweka alama penye ile ndefu, inayojisifu kwamba inakuza kuliko zote. Nilipoiona nilicheka, kisha nikainuka nikaanza kuzunguka uani, maana tabia yangu ni ile ile: jambo likinigusa siwezi kulikalia. Wewe kaa. Mimi nitasema huku natembea.

Enzi hizo za Mwingereza tulikaa Kashai, karibu na ziwa kiasi cha kusikia honi ya meli. Baba alikuwa mtoto wa watu wa pwani waliokuja na biashara wakalowea. Alinunua ngozi, akazipeleka Mwanza, na mara nyingi hakuwapo nyumbani. Mama yangu alizaliwa Nshamba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa, katika nyumba ya Kilutheri. Alisilimu alipoolewa. Maalim Hamisi, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, ndiye aliyemfundisha kusali na kufunga, na ndiye aliyempa jina la Mwajuma. Mimi nilimwita Mae, kwa Kihaya, na wenzangu walinicheka kwa hilo.

Sasa alikuwapo shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke mwenye ulimi. Kila Ramadhani alipita nyumbani akauliza kwa mzaha, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani, "Mhaya wetu anafunga, au anaonja mchuzi?" Watu walicheka, na Mae naye alicheka. Lakini mzaha ule ulimwingia mfupani. Tangu aolewe hakuna mtu aliyepata kumwona ametia kitu mdomoni mchana wa Ramadhani, na alikuwa radhi kuanguka kuliko kumpa shangazi neno la kusema.

Mwaka ule alifunga akiwa mgonjwa. Homa ilimjia, ikatoka, ikarudi na nguvu zaidi. Hospitali walimpa vidonge vya kumeza asubuhi, mchana na jioni, yeye akavifanya vya kufuturia na vya daku. Alikonda hadi gauni likawa linamning'inia mabegani. Mchana alijilaza jikoni karibu na majivu, akitetemeka, na akisikia hatua za mtu nje alikurupuka akashika ufagio. Alinikataza nisimwambie yeyote. "Mwana wange, zimebaki chache," alikuwa akiniambia. "Mwezi ukiandama nitapona."

Nikalichukua neno lile kama lilivyo. Mwezi ukiandama, Mae atapona. Nililala nalo, nikaamka nalo, na mchana sikuweza kukaa penye kivuli kimoja hata muda wa kumaliza mazungumzo. Leo nikiona kijana anatikisa goti bila kujua, namwuliza kwanza nyumbani kwao kuna nini.

Wakati huo huo Bwana Shamba mmoja, Mzungu, alikuwa anahama. Mimi na kijana mwenzangu Kamugisha, Mlutheri wa Nshamba, tulipata kibarua cha kumfungia mizigo. Siku ya mwisho alitoa vitu viwili akaviweka juu ya meza ya barazani, akasema kila mmoja wetu achukue kimoja, na mimi nianze kwa kuwa ndiye mkubwa. Kimoja kilikuwa darubini ya macho mawili, fupi, yenye vioo vipana, ngozi yake imebanduka. Cha pili kilikuwa darubini ya jicho moja, bomba la shaba la kuvuta, jembamba, linang'aa, na ukilivuta lote linakuwa refu kama mkono wa mtu mzima.

Nililielekeza ziwani. Ilikuwa asubuhi, jua limetanda juu ya maji na kisiwa cha Musira kiko wazi. Loo! Niliwaona ndege juu ya mwamba, mmoja mmoja. Nilimwona mvuvi akikung'uta wavu, nikaona hata kiraka cha kaptula yake. Ile fupi niliishika kidogo tu. Ilionyesha kisiwa kizima, na mitumbwi, na maji ya pembeni, lakini vyote vidogo, nikaidharau.

"Sasa hilo bomba unalitakia nini?" Kamugisha akaniuliza.

"La kutafutia mwezi."

"Mwezi mchanga hutafutwa jioni, tena upande wa mlimani. Mbona unalijaribu asubuhi, kwa ziwa?"

Nilimwona hana akili. Wahenga walisema vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu, lakini kijana aliyekwisha kushika shaba mkononi hasikii methali. Nikaondoka nalo kifuani nusu natembea, nusu nakimbia.

Jioni zilizofuata nilianza kuonja uchaguzi wangu. Bomba lile lilitazama kipande cha anga kisichozidi ukucha. Mkono ukitikisika kidogo, na wangu ulitikisika muda wote, nyota inaruka inapotea. Giza likiingia, kioo chake chembamba hakikupokea mwanga wa kutosha, kila kitu kikawa kama kinatazamwa kwa moshi. Nilijiambia kosa ni la mkono wangu. Mtu aliyechagua kwa pupa hulaumu kila kitu isipokuwa pupa yake.

Ikafika siku ya ishirini na tisa. Unajua Bukoba ilivyo: ziwa limetuachia macheo na mlima umetuzibia machweo. Anayetaka mwezi mchanga hana budi kupanda. Maalim Hamisi alipanda kila mwaka na wanaume kadhaa, wakichukua birika la maji na ndizi mbivu za kufuturia huko huko juu. Mchana ule Mae alikuwa hajasimama tangu adhuhuri. Nilimwacha amejifunika kanga mbili, meno yanagongana, nikatoka mbio na bomba langu. Njiani nilimpita Maalim, anapanda polepole na bakora yake. Nikamwamkia bila kusimama. Akaitikia, akaniuliza, "Nyumbani hawajambo?" Nikajibu, "Hawajambo," nikampita.

Jua likazama. Watu wakafuturu kwa funda la maji, wakasimama wakitazama magharibi kwa macho matupu, kila mtu na kipande chake cha anga. Mbingu bado ilikuwa nyeupe, nyota hazijajitokeza. Mimi nililaza bomba juu ya jiwe ili litulie, nikalisogeza huku na huku juu ya pale jua lilipozamia. Mara kitu cheupe kikapita. Nikarudi, kikapita tena. Mara ya tatu nikakikamata: mwezi! Mdogo, mwembamba, pembe zake kali, umelala vile vile unavyotakiwa kulala.

"Nimeuona! Nimeuona, wallahi!"

"Wapi?" watu wakauliza. Nikanyoosha mkono. Wakakaza macho, wakapepesa. Hawakuona kitu.

"Ngoja, Swedi," Maalim akasema. "Lete tuutazame sote."

Nilimpa bomba mtu aliyekuwa karibu, nikakata mteremko. Nyuma yangu Maalim aliniita kwa jina, akaniita tena. Nilimsikia, mwanangu. Miguu ndiyo haikumsikia.

Nilipoingia Kashai watoto walinidaka maneno mdomoni wakayasambaza, na mtu mmoja akaanza kupiga debe. Mae alikuwa amekwisha kuyasikia kabla sijafika mlangoni. Nilimkuta amesimama, ameshika fremu ya mlango, machozi yanamtoka na anacheka. "Kesho nitakunywa uji," akasema. "Kesho nitakunywa dawa yangu asubuhi, na jua limetoka." Akakaa akaanza kumenya ndizi za sikukuu. Kisu kilimtetemeka, lakini alikuwa anaimba kitu cha kwao Nshamba, na mimi nilijiona nimemshusha mwezi mwenyewe kwa mkono wangu nikamletea.

Kisha hodi. Maalim Hamisi alikuwa peke yake, anahema, bomba la shaba kwapani.

"Swedi, njoo hapa uani. Mwezi wako uko wapi?"

Nikatazama juu ya mlima. Hakukuwa na mwezi. Kulikuwa na nyota moja kubwa, Zuhura, ile tuliyoizoea kila magharibi, inayotangulia wenzake wote kuwaka.

"Umezama, Maalim."

"Haujazama. Egemeza hili ukutani, utazame ile nyota."

Nikatazama. Ndani ya bomba ulikuwapo mwezi wangu, mwembamba, na pembe zake juu. Nikaondoa jicho: nyota. Nikarudisha: mwezi. Nilifanya hivyo mara kadhaa kama mtu anayejaribu mlango uliokwisha kufungwa.

"Na mimi nimeuona," Maalim akasema. "Sijui Mungu ameweka nini katika nyota ile, wala sitasema umesema uongo. Lakini mwezi wa siku ya kwanza haukai juu hadi saa hii. Na mwezi wa kufungulia watu wote hauonwi na mmoja kwenye tundu, halafu akakimbia. Hatukuuona. Kesho tunafunga."

Jikoni sauti ya kisu ikakoma. Hapo ndipo nilipopasuka.

"Hawezi kufunga kesho! Atakufa!"

"Nani atakufa?"

"Mae!"

Maalim hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Nilikuuliza njiani habari za nyumbani, ukaniambia hawajambo. Ukanipita mimi, ukaenda kumwomba ruhusa mwezi. Ungesimama pale ukaniambia neno moja, mwanangu, usingehitaji mwezi wowote."

Mae alikuwa ametokea mlangoni, amejinyoosha kwa nguvu zake zote. "Waitu Maalim," akasema kwa heshima ya Kihaya, "mtoto anapayuka. Mimi mzima."

"Mwajuma, mficha maradhi kilio humfichua. Nani kakwambia kwamba Mungu anakula njaa yako? Mgonjwa amepewa ruhusa na Mwenyewe. Utakunywa dawa, utakula, na ukipona utailipa siku yako."

"Na watu?" Mae akauliza.

Maalim akainamisha kichwa, akachora chini kwa bakora. "Nilikufundisha kufunga," akasema. "Kufungua sikukufundisha. Hilo ni langu, si lako."

Asubuhi yake, baada ya sala ya alfajiri, Maalim alikuja na msala wake akautandika nje ya mlango wetu, akakaa na tasbihi. Hakuingia. Mae aliwasha moto, na moshi wa jikoni ukapanda mchana kweupe wa siku ya mfungo, kila mpita njia akauona. Wakageuza shingo, wakamwona Maalim, wakaamkia, wakaendelea na safari. Mimi nilikuwa natoka na kuingia, natoka na kuingia, hadi Maalim akaniambia, "Kaa hapa pembeni yangu, unanitia kizunguzungu."

Shangazi naye akaja. Niliona kidevu chake kikiinuka alipouona moshi, na nikajua sentensi iliyokuwa njiani. Kisha akamwona aliyekaa kwenye kizingiti.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Mwajuma anaumwa, anakunywa dawa. Najua umekuja kumjulia hali."

Shangazi alishusha kidevu. "Ndiyo," akasema. "Nimekuja kumjulia hali." Akaingia. Nilichungulia. Mae alikuwa anakoroga uji, mkono hauna nguvu, na shangazi yangu, naye amefunga, akamwondolea mwiko mkononi, akakoroga yeye hadi ukaiva. Akammiminia. Mae akanywa. Nilipomsikia akimeza nililia, na sioni haya kukwambia.

Jioni ile mwezi uliandama mpana na wazi, hata watoto waliuona wakiwa wamepanda tu kidogo mlimani. Mae alipona taratibu, na siku yake ile akailipa.

Bomba la shaba nilikaa nalo miaka mingi. Kamugisha alikuja kuwa mwalimu wa shule, na siku moja alinitumia habari kutoka Nshamba kwamba amesoma mahali: Zuhura hupevuka na kupungua kama mwezi, ila macho matupu hayawezi kuona. Nilifurahi, tena nikakasirika. Kumbe nilikuwa nimeona jambo la kweli, nikalipa jina nililokuwa na haja nalo!

Nilipokwenda kwake alinitolea ile darubini fupi, ngozi imekwisha kabisa, tukatazama Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo. Baba yangu, mtu wa asili ya pwani, alikuwa akisema Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua. Bukoba, ambako mvua haingoji nyota, methali ile ilikuwa ikilowa bure. Kwenye bomba langu Kilimia kilikuwa nyota mbili, kisha nyingine mbili, ukizihangaikia. Kwenye ile fupi niliyoidharau zilikuja zote pamoja, nyingi kuliko nilizopata kujua. Kamugisha alinitazama tu, hakunikumbusha lile swali lake la barazani. Nilimshukuru kwa hilo.

Kwa hiyo, mwanangu, futa hiyo alama uliyoweka. Kukuza sana ni sifa ya kuuzia. Tafuta kioo kipana kinachopokea mwanga, na miguu imara, maana chombo kinachotikisika hata kiwe cha dhahabu kitakuonyesha mtikisiko wako mwenyewe. Usikijaribu dukani mchana kwa kutazama bango la ng'ambo ya barabara. Kijaribu jioni, kwa kazi utakayokipa. Na jua usilielekezee kamwe, litakupofua. Kama huwezi kupata kizuri, chukua cha macho mawili; na kabla ya hicho tumia macho haya ya bure mpaka uijue Zuhura ukiiona. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ukiona jambo kwenye tundu lako, usikimbie nalo. Mpe mwenzako atazame. Ukilitamani sana, ndiyo kwanza uwape watu wawili.

Na hili ndilo lililonifanya nizunguke uani tangu ulipofika. Umekuja kwangu safari hii na darubini mdomoni, na goti lako linatikisika tangu ulipokaa. Sikatai, nyota ni njema, na tutazitazama sote. Lakini mimi ni mzee uliyenikuta njiani unapanda mlima. Nakuuliza alivyoniuliza Maalim, na safari hii usinipite: nyumbani hawajambo?

Jibu ukiwa tayari, mimi nimekwisha kukaa. Mungu akupe jicho la kuona mbali na mdomo wa kusema karibu. Akukutanishe na watu watakaokaa mlangoni kwako siku ya moshi wako, na wewe usichoke kukaa kwenye milango ya wengine. Amina, mwanangu. Haya, niambie.